Modeli inakesha usiku kucha: je, nihame Python?

SWALI: Naandika tasnifu ya uzamili kuhusu kusambaa kwa nitrati kwenye maji ya chini ya ardhi. Modeli yangu ya Python, gridi ya 1000 kwa 1000, inakesha usiku kucha. Wenzangu wananiambia nihamie lugha nyingine ya programu: C++, wengine Julia. Nichague ipi?

JIBU: Baki ulipo. Kwanza endesha python -m cProfile -s tottime modeli.py uone fanksheni ipi inakula muda. Nadhani utakuta vitanzi viwili vya for (amri za kurudia) vinavyopita nukta moja moja. Nukta ni milioni 1, na kwa kila moja Python inakagua upya aina ya namba, kila hatua ya muda. Andika hivi:

c[1:-1,1:-1] += k*(c[2:,1:-1] + c[:-2,1:-1] + c[1:-1,2:] + c[1:-1,:-2] - 4*c[1:-1,1:-1])

Hapo c ni gridi ya viwango vya nitrati, na k ni D·dt/dx²: D ni kasi ya mtawanyiko, dt ni urefu wa hatua ya muda, dx ni umbali kati ya nukta. Kazi yote sasa inafanyika ndani ya NumPy, maktaba ya Python ya hesabu za gridi, kwenye msimbo wa C. Kitanzi kisichoandikika namna hiyo kiwekee @njit ya Numba, zana inayogeuza fanksheni ya Python kuwa msimbo wa mashine.

Hao wenzako wamekushauri bila kuuliza mbinu yako ya ukokotoaji, na hili ndilo linalochosha. Kama unakokotoa kila hatua moja kwa moja kutoka hatua iliyopita, dt haiwezi kuzidi dx²/(4D), la sivyo namba zinalipuka. Ukipunguza dx kwa nusu, nukta zinakuwa mara 4 na hatua za muda mara 4, yaani kazi mara 16. Julia itabeba mzigo uleule. Tumia Crank–Nicolson, mbinu inayokokotoa hatua mpya kwa kutatua milinganyo ya nukta zote kwa pamoja, kupitia scipy.sparse; haifungwi na kikomo hicho, ingawa dt kubwa mno bado inaharibu usahihi.

Kuhama kuna gharama ambayo wauza kozi za "Julia kwa wiki moja" hawaisemi. NumPy inahesabu kuanzia 0 na kwa kawaida inapanga kumbukumbu kwa safu mlalo. Julia, Fortran na MATLAB zinaanzia 1 na kupanga kwa safuwima. Ukinakili mstari kwa mstari, vitanzi vinarukaruka kwenye kumbukumbu na programu "ya kasi" inakuwa nzito, au mpaka wa gridi unasogea nukta moja. Kwenye C++ ni hatari zaidi: alama za [ ] hazikagui kama umevuka mwisho wa safu, kwa hiyo programu inaweza kusoma takataka, ikaendelea, ikakuchorea ramani ya rangi nzuri ambayo ni ya uongo. Ramani kama hizo zinafika hadi kwenye tasnifu.

Kwa hiyo, lugha yoyote utakayotumia, zima mtiririko wa maji na kuvunjika kwa nitrati, weka tone moja la uchafu katikati, acha mtawanyiko peke yake, kisha chapisha c.sum() kila hatua 100. Kabla uchafu haujafika kingoni, jumla hiyo haipaswi kuyumba hata kwenye tarakimu ya 10. Ikiyumba, usiguse suala la kasi kwanza.