Muulize Nahodha: safari tisa kwa wiki sita

SWALI: Shikamoo, Nahodha. Mimi na mke wangu tumenunua mashua ya tanga ya futi 20, ya kuvutwa kwa trela, yenye mkuku (uti wa chini ya mashua) wa kupandisha. Kiangazi hiki tuna wiki sita na watoto wawili. Nimepanga safari tisa, kila moja pwani tofauti, maili 24 za baharini kwa siku. Mke wangu anasema nimezidisha. Tuamulie.
Baba wa Wawili

JIBU: Marahaba, mwanangu. Mkeo kashinda, tena mapema.

Wewe umehesabu maili. Mimi ningehesabu mara za kusimamisha mlingoti. Nilipoanza, kuandaa mashua kama hiyo kulinichukua saa mbili, na kuifungasha tena karibu hizo hizo, jua la utosi, watoto wakiuliza tunaondoka lini. Ukifanya hivyo mara tisa, umepoteza siku nzima nzima nchi kavu. Chagua pwani tatu, ukae kila moja wiki nzima au zaidi.

Maili 24 kwa mwendo wa noti 4, yaani maili 4 za baharini kwa saa, ni saa 6, sawa. Lakini upepo ukiwa wa omo, unaokujia usoni, utapiga mbisho, yaani kwenda kwa kukata kona huku na huku, na maili 24 zitakuwa kama 34: saa 8 na nusu, mtoto mmoja anatapika. Panga maili 12. Na mashua yako ina magari mawili, tanga na trela. Pwani iliyo joshi, upande upepo unakotoka, iendee kwa barabara, kisha urudi na upepo mgongoni. Mwenye jahazi kubwa hana bahati hiyo.

Mkuku wa kupandisha utakutia tamaa ya kulala mchangani. Lala, ila angalia mwezi. Maji ya bamvua, yale yanayojaa na kupwa kuliko kawaida, huja mwezi mpevu na mwandamo, au siku moja mbili baadaye. Ukipanda ufukweni kilele cha bamvua, maji ya siku zinazofuata hayafiki pale, na unaweza kungoja bamvua lijalo, kama wiki mbili. Bamvua pia hukupwa mbali sana, hata magurudumu ya trela yakapita mwisho wa sakafu ya gati la kushushia.

Trela ndiyo iliyonifunza adabu. Mwaka mmoja nilifika nimechelewa, nikaitumbukiza majini papo hapo, beringi (gololi za ndani ya magurudumu) bado za moto. Kitovu cha gurudumu cha moto kikipoa ghafla, hewa ya ndani hujikunja na kunyonya maji ya chumvi. Safari ya kurudi gurudumu likakwama barabarani usiku. Siku hizi nikifika nagusa kitovu cha gurudumu kwa mkono. Kikiwa cha moto, tunakula kwanza. Grisi weka kabla ya msimu, na hakikisha gari linaruhusiwa kuvuta uzito wa mashua pamoja na mizigo, si mashua tupu.

Kabla ya kuinua mlingoti, tazama juu. Nyaya za umeme na mlingoti wa alumini havisameheani.

Safari ya kwanza iwe ya usiku mmoja, mahali mnapoliona gari lenu. Mtasahau kitu, mimi niliwahi kusahau usukani. Na kabla ya kuiteremsha mashua, kizibo cha tundu la kutolea maji kishike kwa mkono wako mwenyewe. Usimuulize mkeo kama amekifunga, maana naye atakuwa anadhani umekifunga wewe.