Amplifaya ya mzee inanguruma

Mkuu pole, hiyo amplifaya ya marehemu mzee usiitupe kabisa. Umesema inanguruma "mmmm" hata ukishusha volyumu mpaka sifuri, basi waya za kuingiza sauti hazihusiki, hapo angalia kapasita (vifaa vya kutunza chaji) kubwa mbili za pawa sapulai, yaani sehemu inayoandaa umeme wa amplifaya, zile kama kopo, zikizeeka zinakauka ndani na mngurumo wa umeme unapita mpaka kwenye spika. Mimi niko Kirumba, Mwanza, juzi nimefungua moja ya miaka ya 70 kichwa cha kapasita kimevimba kama kitumbua na chini kuna ute wa kahawia umekula njia za bodi.

Chomoa kwenye soketi, subiri, halafu zimalize chaji kapasita kwa risista (kizuia umeme) ya ohm 1000 wati 5, usitumie bisibisi tafadhali inapiga cheche unaunguza vitu. Ukibadilisha kapasita weka microfarad (kipimo cha ukubwa wake) zilezile, volti sawa au zaidi kidogo, na hasi ikae kwa hasi maana ukigeuza inapasuka. Kuwasha mara ya kwanza pitisha umeme kwenye balbu ya zamani yenye waya ndani ya wati 60, iliyounganishwa kwa mfululizo na amplifaya, ikiwaka kidogo ikafifia uko salama, ikibaki inawaka kali zima haraka kuna shoti.

Na huko kwako Igombe karibu na ziwa unyevu ni mwingi, ile kwaruzakwaruza inayosikika ukizungusha kitufe cha volyumu ni kutu na vumbi tu, puliza dawa ya kusafishia kontakti uzungushe mara ishirini hivi. Ukifungua tupia picha ya bodi nikuangalizie.