Sakafu ya banda la gari: kabla ya kununua epoksi, kagua niru

Mkuu uliyeuliza, umesema banda lako la gari lipo Goba, fundi alipaka rangi ya sakafu ya kijivu mwaka jana, na sasa inatoka vipande vipande pale matairi yanapokaa. Unataka kujua kama epoksi, ile rangi ngumu ya sakafu inayochanganywa na hadena (kigumishi chake), ndiyo dawa. Nimefanya sakafu za namna hii kwangu Tabata na kwa ndugu na marafiki, kuanzia Kigamboni hadi Bunju, kwa hiyo nivumilie, jibu ni refu.

Usinunue kitu kwanza. Okota kipande kimoja kilichobanduka, kigeuze, angalia upande wa chini. Kama ni safi na unang'aa, rangi haikushika tangu mwanzo: sakafu ilikuwa laini mno, au ilikuwa na oili, au vumbi. Kama umebeba utando wa saruji, rangi ilishika vizuri tu, kilichoachia ni niru, yaani ile ngozi laini ya saruji iliyopakwa juu ya zege. Na kama kuna majimaji au unga mweupe wa chumvi, maji yanapanda kutoka ardhini. Hayo ni magonjwa matatu tofauti, na epoksi ya bei mbaya ukiipaka juu juu haitibu hata moja.

Kwa Dar, ninalolikuta mara nyingi ni la pili. Fundi akimaliza kumwaga sakafu anainyunyizia saruji kavu au anapaka uji wa saruji, kisha anasugua na mwiko wa chuma mpaka ing'ae. Mwenye nyumba anapita anasifia, fundi anamaliziwa hela yake. Kwa sebule ya kupiga deki niru haina shida. Kwa epoksi ni balaa, kwa sababu ni ngozi nyembamba isiyo na mchanga ndani, na chini yake haijashikana na zege kivile. Gari likitoka foleni ya Mwenge matairi yana moto. Yakisimama yanalainisha rangi iliyo chini yake, halafu yakipoa yanajikunja na kuivuta. Kilicho dhaifu ndicho kinachong'oka. Ndiyo maana inaanzia kwenye matairi, siyo katikati ya banda.

Chukua msumari wa inchi 4 ukwaruze kwa nguvu sehemu ambayo haijabanduka. Ukipata mfereji na unga mwingi, hiyo niru haifai kubeba kitu. Gonga na mpini wa nyundo sakafu nzima. Inapolia mvungu, pameachana na zege na inabidi pabomolewe, pazibwe upya. Halafu dondosha maji pale palipo wazi. Tone likisimama tu bila kunywewa, sakafu haitapokea epoksi pia.

Tiba ya niru ni kuisaga yote. Tafuta fundi wa terazo mwenye mashine ya kusagia sakafu, mwambie hutaki ing'ae, unataka aondoe niru mpaka punje za mchanga zionekane na ukipitisha kiganja uhisi kama msasa. Atakushangaa, maana kazi yake siku zote ni kinyume cha hapo. Banda dogo unaweza hata kulimaliza kwa grainda ya mkono yenye kikombe cha almasi, ila vumbi lake lina silika, linaharibu mapafu. Vaa barakoa ya kazi yenye kichujio, siyo ile ya kitambaa tuliyobaki nayo tangu korona. Ukimaliza, fyonza vumbi kwa mashine. Kufagia peke yake kunaliacha kwenye vinyweleo.

Najua kuna wadau watakwambia mwaga asidi. Asidi ya hidrokloriki inakula saruji, kweli, lakini kwenye niru nene inakwangua juu tu na ngozi dhaifu inabaki. Mvuke wake unatia kutu geti, vifaa, na gari lenyewe ukiliacha karibu. Na usipoizimua kwa magadi ya kuokea na kusuuza vya kutosha, mabaki yake yanazuia rangi kushika. Kama huna njia nyingine, kumbuka unamimina asidi kwenye maji, siyo maji kwenye asidi. Mimi siitumii.

Oili ing'oe kabla ya kusaga. Ukianza na mashine unaipaka sakafu nzima. Sabuni ya unga, maji ya moto, brashi ngumu, rudia hadi maji yasitengeneze utelezi.

Sasa unyevu, na hapa ndipo watu wanapoteza hela nyingi. Kata nailoni nzito kama nusu mita kwa nusu mita, ibandike kwenye sakafu kwa gundi ya tepu pande zote nne, iache mpaka kesho yake. Ukiifunua ukakuta matone kwa ndani, au saruji imekoza rangi, kuna unyevu unaopanda. Tatizo ni kwamba watu wanafanya jaribio hili Agosti, ardhi imekauka, wanapaka, halafu masika ya Machi hadi Mei yakiingia sakafu inatoa malengelenge. Jaribu wakati wa masika, paka wakati wa kipupwe. Goba kwenye mwinuko unaweza kuwa na bahati. Wa Mikocheni, Msasani na mabonde yote ambako ukichimba kidogo unakutana na maji, jaribio ni lazima, hasa kama hujui kama fundi alitandika nailoni chini ya jamvi, yaani zege la chini la sakafu. Kuta zinazotoa chumvi karibu na sakafu ni jibu tosha hata kabla ya kujaribu.

Ikionekana unyevu unapanda, ushauri wangu ni uachane na epoksi ya kawaida. Zipo praima (koti la kwanza kabla ya rangi) za kuzuia unyevu lakini ni ghali na zinadai fundi anayezijua. Weka dawa ya silikati ya kuimarisha zege, ambayo inaingia ndani na kuacha sakafu ipumue, au panga pevingi. Haina mng'ao, lakini haitabanduka kwa sababu hakuna cha kubanduka.

Kama sakafu ni kavu, epoksi ni chaguo zuri. Ile ya maji ni rahisi kupaka na harufu yake ndogo, ila ni nyembamba. Kwa gari la kila siku itachakaa mapema. Isiyo na thina kabisa ndiyo ninayoipenda. Hesabu yake nyepesi: lita 1 ikitandazwa kwenye mita 10 za mraba inakupa unene wa maikroni 100 (maikroni 1,000 ni milimita 1). Banda la mita 3 kwa 6 ni mita 18 za mraba, kwa hiyo maikroni 300 ni lita 5.4, ukiacha praima na kinachobaki kwenye rola. Fundi akikwambia kopo la lita 4 linamaliza yote, praima na makoti mawili, muulize unene gani.

Na zege jipya lisubiri siku 28 kabla ya lolote.

Siku ya kupaka, hewa ya Dar ndiyo adui. Sakafu inatakiwa iwe na joto la angalau nyuzi 3 juu ya kiwango cha umande, yaani joto ambalo unyevu wa hewa unaanza kugeuka matone. Hewa ikiwa na nyuzi 30 na unyevu wa asilimia 80, umande unaanza kwenye nyuzi 26 hivi, kwa hiyo sakafu iliyo chini ya nyuzi 29 usiiguse. Asubuhi sakafu inapopata joto, hewa iliyo ndani ya zege inapanda na kutoboa vishimo kwenye rangi mbichi. Usiku sana unyevu unaiganda kwa juu na kuacha utando wenye mafuta-mafuta. Mimi naanza alasiri, joto likianza kushuka, jua halipigi mlangoni. Koti la pili likisubiri kesho, pitisha kidole kwanza. Ukihisi utelezi, osha kwa maji ya vuguvugu na sabuni, kausha, piga msasa.

Ukishachanganya na hadena, usiiache kwenye ndoo. Ikiwa nyingi sehemu moja inajichemsha yenyewe, na kwa joto letu unaweza kuona ndoo inafuka moshi na rangi imekuwa jiwe kabla hujafika nusu ya banda. Changanya kwa drili ya mwendo mdogo, kwangua kingo, hamishia ndoo nyingine uchanganye tena, kisha imwage sakafuni kwa mistari na uanze kutandaza. Usigawe kopo kwa macho; vipimo vya hadena vikikosewa inabaki inanata milele.

Mlangoni jua linapoingia, epoksi itageuka njano na kutoa chaki. Pale weka koti la juu la poliurethani isiyobadilika rangi, nyembamba, kwa sababu ikiwa nene kwenye hewa yenye unyevu inatoa mapovu. Nyunyizia pia mchanga wa silika kidogo kwenye koti kabla halijakauka, mvua ikiingia usije ukateleza.

Kutembea ni baada ya siku moja, gari baada ya siku 7. Hapo ndipo mashemeji huanza kulalamika gari linalala nje.

Rangi uliyouliza, nyeusi au kijivu: chukua kijivu cha mwanga. Gari likianza kuvujisha oili utaona siku hiyo hiyo. Ukishafunua nailoni, weka picha hapa, na picha ya mgongo wa kile kipande pia.