Maswali yenu: kisu, mkasi na nyuzi za chini ya maji

SWALI: Habari za kazi dada, nimemaliza kozi ya kuzamia juzi juzi tu na sasa naanza kununua vifaa vyangu mwenyewe. Mwenzangu ninayezama naye ana jisu refu amelifunga mguuni kama komando, mi nilikuwa nafikiria ule mkasi wa watu wa huduma ya kwanza, akanicheka eti huo ni wa kukatia bandeji. Hivi nahitaji kisu kweli? Na kinavaliwa wapi? (Mgeni wa Bahari)

JIBU: Karibu sana mdogo wangu, na huyo mwenzako muache acheke. Watu wengi wanadhani kisu cha mzamiaji ni cha kupigana na papa, wakati ukweli ni kwamba kitu kinachokusubiri huko chini ni uzi. Mshipi wa kuvulia uliokatika na kubaki kwenye mwamba, kipande cha jarife, kamba ya nanga, wakati mwingine waya. Na mshipi wa nailoni huuoni mpaka umekushika, na ule wa fluorokaboni (plastiki ya aina nyingine) ndo mbaya zaidi maana unapindisha mwanga kwa kiasi kinachokaribia maji kuliko nailoni, wavuvi wanaupenda kwa sababu wanaamini samaki hawauoni kirahisi, sasa we na maski yako utauona saa ngapi?

Jisu la mguuni linapendeza kwenye picha, sikatai. Shida yake ni kwamba kinachonaswa mara nyingi ni mapezi ya miguuni, kwaiyo mguu ambao umefunga kisu ndo huo huo uko katikati ya fujo, na kujikunja uufikie ukiwa na mtungi mgongoni na jaketi (lile la kuelea linalobeba mtungi) limejaa hewa sio kazi ndogo. Juu ya hapo mpini ukitokeza nje ya mguu wenyewe unadaka nyuzi, yaani dawa imegeuka ugonjwa. Kama lazima kikae mguuni basi kiwe upande wa ndani, ila mi ningekwambia uweke kifuani au kiunoni, kwenye mkanda wa jaketi, sehemu ambayo mkono wa kulia unafika na wa kushoto unafika, sababu hujui ni mkono upi utakuwa huru siku hiyo.

Sasa kuhusu mkasi. Kisu ili kikate kinataka uzi uliokazwa, ukilegea unafuata tu makali huku na huku bila kukatika, na kuukaza unahitaji mkono wa pili ambao pengine nao umeshikwa. Mkasi hauna habari hiyo, unafumba tu, mkono mmoja, uzi umelegea au umekazwa ni sawa. Ncha yake ni butu kwaiyo hutoboi suti wala jaketi ukiwa unapapasa usipopaona. Unakata mshipi, mshipi wa nyuzi zilizosukwa pamoja, na kamba ya kiasi ukiitafuna kidogo kidogo. Kuna pia kile kikata nyuzi kidogo chenye wembe uliojificha ndani ya mdomo kama ndoano, unaweza kukifunga hata kwenye mkanda wa kompyuta ya kuzamia, ile inayovaliwa mkononi kama saa, kinapita kwenye mshipi kama hakuna kitu, ila kamba nene haiingii mdomoni mwake na waya usijaribu. Kisu chenye meno ndo kinashinda kwenye kamba nene, hapo mwenzako ana haki yake.

Kwaiyo beba viwili, vya aina tofauti, sehemu mbili tofauti. Kifaa kinachodondoka mkononi huko chini hakirudi, na hofu inafanya vidole viwe vizito. Ukikifunga kwa kigwe kisipotee, kigwe kiwe kifupi, kisije kuwa kitanzi kingine. Alafu ukiwa nchi kavu vaa vifaa vyote pamoja na glavu, fumba macho, uchomoe na kurudisha kwa kila mkono mpaka uzoee, maana kununua bila kufanya hivyo ni pambo tu.

SWALI: Dada, ikitokea nimenaswa nyuma kwenye vali ya mtungi, siwezi kuona wala kufika vizuri, naanza kukata au nafanyaje? (Wa Maji Marefu)

JIBU: Hapana, kukata sio hatua ya kwanza hata kidogo. Hatua ya kwanza ni kuacha kusogea. Mwili wote utakwambia geuka uangalie, na ukigeuka ndo unajizungushia, uzi uliokuwa umeshika sehemu moja sasa umeshika tatu. Tulia, pumua taratibu, angalia geji yako ya hewa, alafu rudi nyuma kidogo kwa njia ile ile uliyojia, mara nyingi uzi unaachia wenyewe na hujatoa hata kifaa.

Nakwambia upumue taratibu na sio kwamba nakuliwaza. Hesabu hii: mita 30 chini presha ni mara nne ya juu, mtu anayetumia lita 20 kwa dakika akiwa juu atatumia 80 huko. Kama una mtungi wa lita 12 na imebaki presha ya bar 50, hiyo ni lita 600, dakika kama saba na nusu. Ukihaha na kupumua mara mbili ya hapo zinabaki chini ya nne, na hizo ni za kujinasua NA kupanda juu. Ndo maana kunaswa na hewa kidogo ni habari nyingine kabisa na kunaswa ukiwa na mtungi umejaa.

Isipoachia, mpe ishara mwenzako. Yeye anaona, wewe unapapasa tu, na kazi ya dakika tano kwako kwake ni ya sekunde kadhaa, ila muache afanye, usimsaidie kwa kujitikisa. Anayekata ashike uzi wenyewe kwanza, ahakikishe sio mpira wa regulata, ule unaokuletea hewa mdomoni (vyote vinafanana gizani), makali yaelekee nje mbali na mwili, na aangalie ndoana maana penye mshipi huwa zipo.

Uko peke yako au mwenzako kapotea? Basi inabidi uvue jaketi ulilete mbele huku regulata iko mdomoni muda wote. Hapa kuwa makini sana, kama risasi zako (vile vizito vya kukuzamisha) ziko kwenye mifuko ya jaketi basi jaketi litataka kuzama na wewe utataka kupaa, likikuponyoka mmeachana, kwaiyo likumbatie, usilitoe mkono wa pili kama hakuna ulazima. Hii fanyia mazoezi kwenye bwawa na mwalimu wako, sio kuisoma hapa na kwenda kujaribu.

SWALI: Mkasi wangu umeota kutu hata sijautumia. Na je kwenye ndege unaruhusiwa? (Msafiri)

JIBU: Suuza kwa maji yasiyo na chumvi baada ya kila mbizi, ukaushe ukiwa wazi, tone la mafuta ya silikoni pale kwenye msumari wake. Utakuja kuota kutu tu hatimaye, ukianza kukwama badilisha. Titaniamu haili kutu ila makali yake hayadumu sana. Ndege weka kwenye begi linaloenda chini, sio la mkononi, na kabla ya kufunga begi uliza unakoenda maana hifadhi zingine za bahari haziruhusu visu kabisa.

SWALI: Nikinaswa na uzi wa njia (ule unaotandazwa kuonyesha njia ya kutokea) ndani ya pango au meli iliyozama, nakata? (Jina limehifadhiwa)

JIBU: Huo uzi ndo mlango wa kutokea, wako na wa wengine walioko nyuma yako. Utoe kwa vidole kwanza, hata kama inachukua muda. Ukishindwa kabisa, toa spuli yako ya akiba (kigurudumu chenye uzi) ufunge uzi wake pande zote mbili za pale unapotaka kukata, hakikisha mafundo yameshika, ndo ukate katikati. Na kama hujawahi kufundishwa kufanya hivyo ukiwa huoni kitu, bado hujafikia kuingia humo ndani, baki nje.