Muulize Mkunga: Kitambaa cheupe, shabu na tumbo la binti

Barua za mwezi huu zimenigusa sana. Nimechagua tatu, na zote zinahusu sehemu ile ambayo wengi wetu tulifundishwa kuiita "huko chini" na kunyamaza. Nitazitaja sehemu hizo kwa majina yake. Mwenye kusoma mbele ya watoto asione haya. Mtoto anayejua majina ya mwili wake anaweza kusema anapoumwa, au anapoguswa na mtu asiyestahili.

Shikamoo Bi Mkunga. Naolewa Mfungo Mosi, Inshallah. Mama wa mchumba wangu amemtumia shangazi ujumbe kwamba usiku wa ndoa wanataka kisarawanda, kile kitambaa cheupe cha kuonyesha damu. Wifi mmoja ameongeza kwamba kama tuna wasiwasi nikapimwe hospitali, nilete karatasi. Sijawahi kulala na mwanamume. Ila nilipokuwa darasa la sita nilianguka na baiskeli nikatoka damu kidogo. Je, daktari akinitazama atasema mimi si bikira? Silali usiku. — Bi harusi, Pangani

Marahaba mwanangu. Lala. Hakuna daktari duniani anayeweza kukutazama akajua umewahi kulala na mwanamume au hujawahi. Akikuambia anaweza, anakudanganya, au alifundishwa vibaya.

Nikueleze kitu chenyewe, maana kinagombaniwa na watu wasiojua kikoje. Kizinda ni ukingo mwembamba wa ngozi laini, ya aina ile ile iliyo ndani ya mdomo wako, unaozunguka mlango wa uke kwa ndani kidogo ya mashavu madogo ya uke. Watu hukidhania pazia lililoziba njia. Kingekuwa kimeziba, hedhi yako ingepita wapi miaka yote hii?

Katika wodi ya wazazi nilikuwa nakagua kila mtoto wa kike anapozaliwa, na sikuona viwili vilivyolingana. Kuna kilicho duara, kuna kilicho kama hilali, kuna chenye ukanda uliopita katikati, kuna chenye vitundu vidogo vidogo. Kwa mtoto mchanga huwa kinene kwa sababu ya homoni za mama yake. Baadaye hukonda, kisha binti anapobalehe homoni zake mwenyewe hukinenepesha tena, kikawa laini chenye kuvutika. Ndiyo maana wanawake wengi hawatoki hata tone mara ya kwanza: kimevutika, hakikuchanika. Kikichanika kidogo, hupona upesi na mara nyingi hakiachi kovu. Kinachobadilika kwa namna ya kuonekana wazi ni baada ya kuzaa kwa njia ya kawaida, ambapo hubaki vinundu vidogo tu.

Mwaka 2004 watafiti wa Marekani walichapisha matokeo ya uchunguzi wa wasichana 36 waliokuwa wajawazito. Wajawazito, mwanangu, hakuna ubishi wamekutana na nini. Katika hao 36, ni wawili tu walioonekana na alama za wazi za kuingiliwa. Sasa huyo wifi anataka karatasi ya kusema nini? Oktoba 2018 Shirika la Afya Duniani, pamoja na Shirika la Wanawake la Umoja wa Mataifa na Ofisi ya Haki za Binadamu ya Umoja huo, walitoa tamko la pamoja kwamba kipimo cha ubikira kikomeshwe, kwa kuwa hakina msingi wa kitabibu na kinamuumiza na kumdhalilisha anayepimwa. Usiende. Na kuhusu baiskeli yako ya darasa la sita, fikihi ya Kishafi inayofuatwa pwani yetu inasema aliyepoteza kizinda kwa kuanguka hukumu yake ni ya bikira. Muulizeni sheikh wenu, awaambie wakwe kwa kinywa chake.

Juu ya kisarawanda nitasema kwa heshima, kwa kuwa nami ni mtoto wa pwani na nilikuwa na somo, yule mwanamke anayemfunda mwali. Somo alinifundisha kuhesabu siku zangu, kujisafisha, kuvaa shanga, kuzungumza na mume, na mengine mengi ambayo shule haikunifundisha. Ninamshukuru hadi leo. Na ni yeye aliyeniambia, mlango umefungwa, kwamba wapo wanawali watokao damu na wapo wasiotoka, na kwamba kazi ya somo ni kumsitiri mwali. Makungwi wa zamani walilijua hilo. Hao wanaokuja na kitambaa leo wamerithi kitambaa, wakaacha elimu iliyokuwa pamoja nacho.

Damu inayoonekana usiku ule mara nyingi hutokana na haraka, woga na ukavu. Nimewashona maharusi, mwanangu. Nimewashona alfajiri, mama zao nje wakipiga vigelegele kwa sababu ya shuka lenye damu, na mimi ndani naona jeraha ambalo lisingekuwapo lau yule kijana angeambiwa na mtu asubiri mpaka mkewe awe tayari. Hicho ndicho kinachoniuma katika jambo hili lote. Tunashangilia kidonda.

Basi fanya hivi. Mwambie mchumba wako kabla ya ndoa, si baada. Mpe gazeti hili asome. Yeye ndiye wa kumwambia mama yake kwamba chumba chake hakina shahidi, na akisema yeye litasikika kuliko ukisema wewe. Shangazi yako amwendee mama mkwe kwa adabu, na somo wako, kama unaye, asimame mlangoni fungate nzima na asitoe kitu. Kijana akikataa kusema neno hata moja kwa ajili yako, hilo nalo ulijue kabla ya kuolewa.

Bi Mkunga, nina watoto watatu. Mume wangu anasema "nimelegea". Rafiki amenipa shabu, lile jiwe jeupe kama chumvi, ya kuweka ukeni ili nirudi kama msichana. Inawasha sana lakini anasema ndiyo inafanya kazi. Niendelee? — Mama watatu, Morogoro

Acha leo. Shabu inakausha na kukwaruza. Huko "kubana" unakokusikia ni ngozi iliyokaushwa ikavimba. Uke una bakteria wake wazuri wanaotengeneza asidi, na asidi hiyo ndiyo mlinzi dhidi ya maradhi. Shabu, sabuni, ndimu, maji ya chumvi, vyote vinamfukuza mlinzi. Ngozi iliyochubuka nayo hurahisisha njia ya virusi vya UKIMWI na magonjwa mengine ya zinaa. Osha nje kwa maji, ndani pajisafishe penyewe.

Kama kweli unahisi misuli imelegea, hasa kama mkojo unakuponyoka ukikohoa au ukicheka, kaza misuli ile unayoitumia kuzuia mkojo, hesabu hadi tano, achia, rudia mara kumi, mara tatu kwa siku. Usifanye ukiwa unakojoa. Baada ya miezi mitatu hivi utaona tofauti. Ukihisi kitu kinashuka ukeni, huenda ni kizazi, nenda hospitali. Na mwambie mume wako tangu sasa kwamba mwili uliomletea watoto watatu haustahili kutolewa kasoro.

Shikamoo mama. Binti yangu ana miaka 15, hajavunja ungo. Tangu mwaka jana tumbo linamuuma kila mwezi siku tatu nne, kisha linapoa. Nimempa dawa ya chango, haikusaidia. Sasa chini ya kitovu pamekuwa pagumu na mkojo unatoka kwa shida. Majirani wanasema ana mimba, yeye analia anakataa. Makungwi wanangoja avunje ungo ndipo achezwe unyago. Kuna aliyeniambia huenda "amezibwa", lakini akipasuliwa ataondolewa ubikira. — Mama wa binti, Kilwa

Marahaba mwanangu. Barua yako sikungoja ichapwe, nilikupigia simu siku ile ile. Ninaiweka hapa kwa ajili ya mama mwingine ambaye binti yake yuko kitandani sasa hivi amekumbatia tumbo.

Nimesema kizinda hakizibi njia. Mara chache sana, msichana huzaliwa nacho kikiwa kimeziba kabisa. Utotoni hakuna anayejua. Akibalehe, hedhi inakuja kila mwezi kama kwa wenzake, ila haina pa kutokea. Inajaa ukeni, baadaye hata ndani ya kizazi. Ndiyo maumivu ya kila mwezi, ndiyo ugumu chini ya kitovu, na damu hiyo ikikandamiza njia ya mkojo, mkojo nao unagoma. Ni ugonjwa tu, wala si mimba, chango au uchawi. Kuna hali nyingine chache zinazofanana nayo, kwa hiyo siwezi kukata shauri kwa barua. Ila mkojo ukigoma usingoje kesho.

Daktari atamtazama kwa nje tu, na ultrasaundi ya tumbo itaonyesha damu ilipojaa. Hakuna haja ya kumwingiza chochote, na una haki ya kukaa naye chumbani. Ikiwa ni kizinda, ni upasuaji mdogo: anapewa dawa ya usingizi, kinapasuliwa, damu inatoka, mara nyingi harudi tena kwa tatizo hilo. Akicheleweshwa damu inaweza kurudi nyuma kwenye mirija ya uzazi na kuleta madhara.

Suala la ubikira nimekwisha kulijibu kwa yule bi harusi wa Pangani, na kwa mwanao ni vivyo hivyo: kisu cha daktari hakimfanyi mtoto kuwa mwanamke wa mtu. Mwombe daktari aandike kwenye cheti cha kliniki alichofanya na tarehe, uweke pamoja na vyeti vyake vya shule.

Ukifika mapokezi usiseme "tumbo linamsumbua", watakupa dawa ya minyoo mrudi nyumbani. Sema hivi: "Ana miaka 15, hajawahi kuona hedhi, anaumwa tumbo kila mwezi, na sasa mkojo hautoki vizuri." Wakiwa zahanati na hawana kifaa, omba rufaa papo hapo.

Makungwi waambie wangoje hadi daktari aseme amepona. Mwandae na binti: damu itakayotoka kwanza itakuwa nyingi, nzito, ya rangi ya kahawia iliyokolea, kwa kuwa ni ya miezi mingi. Mpe vitambaa vya kutosha na ukae naye.