Fungate ya bei nafuu: pandeni Lushoto

Hongera sana kwa ndoa, kaka. Umeuliza mwende wapi siku nne kutoka Dar wakati harusi imeshakomba akiba na Zanzibar bei zimekushinda. Mimi na mke wangu tulikwenda Lushoto, mji wa milima ya Usambara mkoani Tanga, na mpaka leo tunaisimulia.

Kuna mabasi ya moja kwa moja. Ukifika Mombo unaiacha barabara kuu, na kuanzia hapo ni kona na mlima, kilomita zaidi ya 30, maporomoko ya maji upande mmoja na migomba upande wa pili. Kaeni dirishani. Mji uko kama mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo bebeni masweta. Juni na Julai usiku ni baridi kweli, na kwa maharusi hiyo ni neema!

Msikose Irente, ukingo wa mlima wa kutazama mandhari karibu na mji. Nendeni kwa miguu asubuhi, taratibu, mkinunua matunda njiani. Mwisho wa njia mlima unakatika ghafla: chini kabisa unakiona kijiji cha Mazinde, mabati yanang'aa kama shilingi, na nyika isiyo na mwisho. Mke wangu alinishika mkono, hakusema neno kwa muda mrefu.

Laleni nyumba ya wageni ya kawaida, ila ulizeni maji ya moto kabla ya kulipa. Sisi siku ya kwanza tulioga ya baridi. Epukeni Machi hadi Mei, mvua za masika zinaharibu njia za mlimani. Kama bibi harusi hataki kuikosa bahari, rudini kupitia Pangani, mlale usiku mmoja.