Kabla hujausaga mkilua

Wewe unayeanza uzamili, na msimamizi ameshakukabidhi mmea wa kuuchunguza, nianze na kosa langu kubwa. Nilienda shambani, nikachuma majani, nikayakausha kivulini, nikayasaga yote. Wiki ya pili msimamizi akaniuliza, "Sura ya anatomia, ya muundo wa ndani wa mmea, utaiandika kwa kutumia nini?" Nikamwonyesha kopo la unga.

Mmea wenyewe ulikuwa mkilua, ule ambao vilua vyake, yaani maua yake ya kunukia, akina mama wa pwani huvitia kwenye kikuba. Kisayansi ni Mkilua fragrans. Mtaalamu wa mimea Bernard Verdcourt aliuchapisha kwa jina hilo mwaka 1970, na jina la jenasi akaliacha kama Waswahili wanavyolitamka. Jenasi nzima ina spishi hiyo moja tu, na makao yake ya asili ni misitu ya pwani ya Kenya na Tanzania. Ukoo wake ni ule wa mstafeli na mtopetope. Mmea wa namna hii si mahindi. Huwezi kurudi shambani kila Jumatatu kujaza gunia.

Kwa hiyo gawa sampuli siku ile ile ya kuchuma. Sehemu ya kwanza ni ya hebaria, yaani hifadhi ya mimea iliyokaushwa: tawi lenye majani na, ukibahatika, maua, libanwe kwenye magazeti, lipewe namba. Bila namba hiyo, mtu akikuuliza baada ya miaka mitano ulisaga mmea gani, huna jibu. Ya pili ni ya hadubini. Ya tatu ndiyo ya kemia, na ndiyo inayongoja zamu yake. Gome, ukilihitaji, libandue upande mmoja tu. Ukilibandua kuzunguka mti wote, umeuua. Vibali vya utafiti na vya kuingia msituni shughulikia miezi kabla, tena uelewe vinasema nini kuhusu kusafirisha sampuli nje, maana tangu Itifaki ya Nagoya ya 2010, makubaliano ya kimataifa kuhusu kugawana faida za mimea na viumbe vingine vya nchi, jambo hilo si la kupuuza.

Sasa hadubini, ambako ndiko nilikojifunza zaidi. Mwongozo wa maabara ulisema vipande vyote vihifadhiwe kwenye FAA: ethanoli ya asilimia 70 sehemu 90, fomalini 5, asidi ya asetiki 5. Nikatii. Nikakata, nikapaka rangi ya Sudan III ili nione mafuta, nikakuta matundu ya mviringo yaliyotawanyika katikati ya jani, makubwa kuliko seli jirani, meupe kabisa ndani. Nikaandika kwenye daftari: "nafasi za hewa". Nilichora hata mchoro, mzuri, wenye vishale.

Siku moja FAA iliisha. Nikachukua jani bichi, nikalibana kwenye karoti iliyopasuliwa, nikakata kwa wembe mpya, nikatia Sudan III. Matundu yale yale safari hii yalikuwa na matone ya rangi ya chungwa iliyoiva. Zilikuwa seli za mafuta, ambazo zinajulikana sana katika ukoo huu. Ethanoli yangu ndiyo iliyokuwa ikiyayeyusha mafuta kabla sijaangalia. FAA ni nzuri kwa kuta za seli, na rangi ya toluidini bluu itakupa picha safi ya mishipa na nyuzi. Ila mafuta yatafute kwenye jani bichi.

Ugunduzi huo ukabadilisha na kemia yangu. Kama harufu iko kwenye seli hizo, kukausha kwenye oveni ni kuifukuza. Bibi mmoja wa Mombasa mwenye mkilua uani aliliona hilo kabla yangu. Nilipomweleza kwamba maua nitayakausha kwanza, aliniangalia, akasema, "Mwanangu, sasa ukishakausha utanusa nini?" Maua tukayafanyia kazi mabichi.

Upande wa alkaloidi, zile kemikali za mimea zenye nitrojeni, ukoo huu ni tajiri, na Dragendorff, dawa ya kuzipimia, itakugeukia rangi ya chungwa haraka. Usishangilie. Jedwali la "ipo" na "haipo" limejaa kwenye tasnifu zetu na kwa maoni yangu ni uvivu: dawa hiyo hudanganywa na vitu vingine, na hata ikisema kweli haikwambii ni alkaloidi ipi. Tenga kitu, kisafishe, upate muundo wake.

Na ukikitenga, usimpigie mama simu bado. Mimi nilimpigia. Nilikuwa na doa moja zuri kwenye TLC, bamba la kutenganishia kemikali, mafuta yasiyo na rangi, yakarudi kutoka kwenye mashine ya kupima uzito wa molekuli na kilele kirefu kwenye 149. Mtaalamu wa mashine hakumaliza hata kukaa. "Methanoli uliiweka kwenye chupa gani?" Kiyeyushi changu hicho kilikuwa kwenye chupa ya plastiki. Hiyo 149 ni alama ya fithaleti, kilainishi cha plastiki, wala mkilua haukuhusika. Tangu hapo kila ninapochuja mmea napitisha na kiyeyushi kitupu, kisicho na mmea, hatua zote zile zile, pembeni, nione kitaleta nini.

Mfuko wangu wa safari siku hizi una bahasha za karatasi, chupa za kioo, magazeti ya zamani, wembe ambao haujafunguliwa, na karoti mbili. Ya pili huwa naila njiani.